Nyumba Niliyoichora kwa Nyayo za Susu

Ninyi mnaoingia katika nyumba mpya na kutazama dari kwanza, nawaomba mwanze kutazama chini. Dari ndiyo inayouza nyumba, lakini sakafu ndiyo inayokaa na watu. Nimefanya kazi ya umaliziaji kwa miaka mingi hapa Machakos: vigae, dari za jipsamu, rangi, kabati za jikoni, taa za kufichwa ukutani. Sikuacha kazi kwa sababu ya uzee. Niliacha kwa sababu ya magoti. Daktari alipoiangalia picha ya magoti yangu aliniuliza kama nilikuwa mchezaji wa mpira. Nikamwambia hapana, nilikuwa nikipiga magoti kwenye nyumba za watu.

Sikusomea kazi hii darasani. Nilikuwa nanunua magazeti ya zamani ya mambo ya nyumba, yale yaliyouzwa kando ya stendi yakiwa yamepoteza jalada. Usiku mwingine nililala nimefungua ukurasa mmoja tu. Sikuwa natazama uzuri wa chumba. Nilikuwa natafuta mpiga picha alisimama wapi. Ukishajua aliposimama, unaweza kujua dirisha liko upande gani, ukuta wa nyuma yake uko mbali kiasi gani, na mlango ambao hauonekani unafungukia wapi. Nilichukua picha ya sebule ya mtu nisiyemjua, nikachora ramani ya nyumba yake nzima. Fanyeni hivyo. Ni zoezi zuri kuliko kupiga picha kwa simu na kumwonyesha mteja.

Aliyenifunza kwa mikono alikuwa Mzee Nzuki, fundi wa sakafu kutoka Athi River. Alikuwa ameweka sakafu nyekundu za kung'arishwa katika nyumba za wakubwa wa viwanda kabla vigae havijawa kitu cha kila mtu. Kazi ikiisha, yeye hakukimbilia pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa. Alivua viatu, akavua soksi, akafumba macho na kutembea kutoka ukuta hadi ukuta.

"Vua viatu wewe pia," aliniambia.

"Mzee, pima maji inasema iko sawa."

"Pima maji haitalala hapa. Vua."

Tulimcheka, lakini nyuma yake. Mahali alipokunja uso ndipo mteja alikuja kulalamika baada ya miezi michache. Kwa hiyo nilizoea. Hadi leo nikiingia nyumba ya mtu navua viatu, na watu hudhani nina adabu sana.

Makosa yangu yalikuwa mengi. Jipsamu ilipoingia huku kwetu, niliweka dari ya kwanza bila utepe kwenye maungio, kwa sababu kwenye picha za magazeti utepe hauonekani. Ilipofika msimu wa joto, dari ilichora mistari kila mahali. Mwenye nyumba, mwalimu mmoja mpole, alinikaribisha chai, akaniambia nitazame juu, akasema, "Fundi, umenichorea mito yote ya Ukambani. Sasa nionyeshe Athi ni upi." Nilirudia dari yote kwa gharama yangu, na yeye alikaa chini akinitajia mito.

Miaka hiyo, kila mteja alikuja na wimbo mmoja: ondoa ukuta. Watu waliokulia katika nyumba za vyumba vidogo na korido yenye giza walikuwa wamepata kazi Nairobi, wameona nyumba ambazo jiko, meza ya chakula na sebule ni nafasi moja, nao walitaka hivyo. Sikuwalaumu. Ukuta ukiondoka, mwanga unaingia na nyumba ndogo inakuwa kubwa. Lakini kuna jambo nililojifunza katika nyumba moja tu, na ndilo nililoketi kuwaandikia. Mimi si mtu wa kuamini mambo ya kutisha. Nitasema nilichokiona kwa utaratibu, nanyi mtaamua.

Nyumba yenyewe iko juu ya mji, kwenye njia ya kwenda Kathiani, mahali ambapo asubuhi ukungu hukaa kwenye vilima mpaka watu wamekunywa chai. Mwenyewe anaitwa Muthama. Alikuwa ameibomoa nyumba ya mawe iliyojengwa na marehemu baba yake, akajenga mpya palepale: paa la juu, madirisha kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na nafasi moja kubwa ya kukaa, kulia na kupika. Mke wake, Ndunge, aliyekuwa mwalimu wa sekondari, alitaka sebule ya kushuka. Yaani sakafu ya sebule iko chini ya sakafu nyingine, unateremka ngazi tatu na kukaa kwenye viti kama umeingia ndani ya bakuli. Alikuwa na picha yake kutoka gazetini. Ilikuwa sebule nzuri, nasema kweli. Nilipoitwa kufanya umaliziaji, kuta na paa vilikuwa tayari na bakuli lilikuwa limeshamwagwa zege.

Mama yake Muthama alikuwa akiishi palepale uwanjani, katika jiko la nje ambalo halikubomolewa. Mafundi wote tulimwita Susu, kama mtu anavyomwita nyanya yake. Alikuwa haoni. Macho yake yalikuwa yameondoka polepole, miaka mingi kabla ya ujenzi, na alikuwa amezoea kutembea ndani ya nyumba ya zamani bila fimbo na bila kushikwa.

Siku yangu ya kwanza, saa ya chakula cha mchana, tulikuwa tumeketi juu ya mifuko ya saruji tukila githeri. Jua lilikuwa linaingia kwa madirisha yote. Susu akaingia kwa mlango wa mbele. Hakupapasa. Alitembea moja kwa moja kama mtu anayeona, mkono wa kushoto umeinuliwa kidogo, vidole vinateleza hewani kwa urefu wa kifua. Katikati ya nafasi tupu aligeuka kulia, mara moja, kama anayepinda kona. Akaenda hatua kadhaa, akasimama, akanyoosha mkono, akazungusha kiganja. Akavuta. Kisha akapita, akageuka nyuma na kusukuma kitu kwa upole mpaka kikafunga.

Mwanzia, kijana wa rangi, alikuwa na mdomo usiopumzika. Akanong'ona, "Fundi, huyo susu amefungua mlango wa hewa. Mwambie asisahau kufuli."

Wengine wakacheka. Mimi nilikuwa natazama vidole vyake. Vilikuwa vikiteleza sawasawa, bila kupanda wala kushuka, kama mkono wa mtu anayefuata ukuta. Na alipofika mahali fulani viliinuka kidogo, vikapita juu ya kitu, vikarudi. Baadaye niliuliza. Hapo palikuwa na msumari wa kutundikia kofia ya mzee.

Kwa hiyo hakuna ajabu bado. Mtu asiyeona huiweka nyumba ndani ya mwili wake. Ukimbomolea kuta, yeye hajabomolewa. Muthama alijaribu kumfundisha. Alimshika mkono akamzungusha kila mahali, akisema, "Mama, hapa ni wazi sasa. Hapa pia ni wazi." Susu akaitikia, "Ni wazi, nimesikia." Alipoachwa peke yake, akarudi kwenye korido yake.

Shida ni kwamba kichwani mwake mlango wa chumba chake cha kulala ulikuwa umebaki palepale, na sasa nyuma ya mlango huo kulikuwa na lile bakuli.

Nilikuwa mbali, nikipima jikoni, alipoufungua. Nilisikia sauti ndogo tu, "Aiya!", kisha mwili ukianguka kwenye zege. Tulimkuta ameketi chini, ameshika kifundo cha mkono, uso umejaa mshangao zaidi ya maumivu.

"Nani amechimba chumba changu?" aliuliza.

Mkono haukuvunjika, uliteguka. Jumamosi Muthama na Ndunge walikuja kutoka Nairobi, na mazungumzo yakafanyika palepale mbele yetu, kwa sababu nyumba isiyo na kuta haina mahali pa kuzungumzia siri.

"Mimi simfukuzi mama," Ndunge alisema. "Lakini siku nitatoka kazi nimpate amelala hapo chini amevunjika kiuno, watu wataniuliza nini? Watasema nilitaka sebule ya gazeti nikaua mama ya watu. Wacha aende Kathiani kwa Mwende. Mwende ni mtoto wake, na nyumba yake haina ngazi."

"Mama, Kathiani si mbali," Muthama alisema.

Susu alikuwa ameketi juu ya kiti cha plastiki, mkono umefungwa kitambaa. Alijibu kwa Kikamba, taratibu. "Kathiani ni kwa mume wa Mwende. Mimi nikae kwa mkwe wangu, nisikie akioga, anisikie nikikohoa? Unajua nthoni ni nini, au Nairobi wameiondoa na hiyo pia?"

Wale wasio wa huku, nthoni ni haya ya heshima. Zamani, mama na mume wa binti yake hawakukutana hata njiani, mmoja alipinda. Siku hizi watu husalimiana, lakini mama mzee kwenda kuzeekea chini ya paa la mkwe wake bado ni aibu inayomla mtu kimyakimya. Muthama alilijua hilo. Alikuwa pia amemwahidi mama yake, kabla ya kuvunja jiwe la kwanza, kwamba atalala na kufia pale alipoolewa.

Alinivuta pembeni. "Fundi, vigae vinakuja wiki ijayo. Kabla uviweke, nionyeshe vile mama atatembea humu bila kuanguka. Kufukia hiyo sebule siwezi, Ndunge ameingoja miaka. Kama hakuna njia niambie, nimpeleke Kathiani mwenyewe. Lakini jua hatarudi kuniongelesha."

Nilifikiria vyuma vya kushika, nikaviacha. Chuma hakimsaidii mtu ambaye kwake hapo pana ukuta. Nikamkumbuka Mzee Nzuki akitembea macho yamefungwa, nikaona kwamba nimekuwa nikiuliza swali kinyume. Sikuhitaji kumfundisha Susu nyumba mpya. Nilihitaji kuijua ya zamani. Na hapakuwa na ramani yake wala picha. Baba yake Muthama alijenga kwa kamba na vigingi. Ilikuwa imebaki mahali pamoja tu.

Nilimwendea kwenye jiko la nje. "Susu, nikubalie nikufuate ukitembea ndani."

"Nifuate. Lakini usinikanyage kisigino."

Nilivua viatu, nikachukua chaki. Kila alipogeuka, niliweka alama. Kila alipofungua mlango, niliweka alama mbili. Alipita asubuhi, akapita mchana, akapita kabla ya jua kutua. Kisha nikavuta uzi kutoka alama hadi alama na kupiga mistari. Nilitarajia mchoro wa mtu anayekumbuka, yaani kona zilizolegea, korido inayopinda. Lakini mistari ilikutana. Kona zilikuwa za mraba kamili, na unene wa ukuta ulikuwa ule ule pande zote, unene wa jiwe la kuchongwa kwa mkono. Nimechora nyumba nyingi nikiziona kwa macho na sikupata kona nzuri hivyo.

Mwanzia aliacha mzaha. Aliposhuka ngazi yake na ndoo ya rangi alizunguka kwenye milango ya chaki. Nikamuuliza kwa nini hapiti katikati.

"Aki fundi, sijui. Nahisi tu ni noma kupita kwa ukuta ya mtu."

Muthama aliporudi alisimama mlangoni akaifuata mistari ya chaki kwa macho. Kisha, bila kuambiwa, akavua viatu. Akaingia kwa mlango wa mbele, akafuata korido, akapinda kona, akasimama.

"Hapa tulikuwa tunalala mimi na kaka yangu. Kitanda kilikuwa hapa. Baba alikuwa anagonga huu ukuta tukipiga kelele." Alinyoosha ngumi hewani, akairudisha mfukoni haraka, kama aliyekaribia kugusa jiko la moto. Na alipotoka, mtu mzima mwenye gari na suti, alitoka kwa mlango wa chaki.

Kazi ikawa rahisi kwangu baada ya hapo. Ukingo wa sebule ya kushuka ulikaribiana sana na ukuta wa korido ya zamani. Nikapendekeza tujenge ukuta mfupi wa kiunoni juu ya ule mstari wa chaki, na juu yake tulaze ubao wa mvule uliopigwa msasa, ili vidole vya Susu viukute ukuta wake. Ngazi tatu tuzihamishe mpaka mahali pa mlango wa chumba chake, na chini ya mguu wake, kabla ya ngazi ya kwanza, tuweke kizingiti cha mbao ambacho unyayo utakitambua. Ndunge aliutazama mchoro wangu, akageuza kichwa huku na huku.

"Hiyo ukuta fupi itakaa poa," alisema. "Hata nitaweka maua. Kwa nini hukusema mapema?"

Vijana, kumbukeni hilo. Tatizo la mtu mzee likitatuliwa vizuri, watu hudhani ni mtindo.

Lakini ilibaki alama moja. Ilikuwa peke yake, mbali na mistari yote, katikati ya nafasi iliyo baina ya sebule na jiko la Ndunge. Susu alikuwa akisimama hapo kila siku. Nilimwonyesha Muthama.

Alitikisa kichwa. "Hapo hapakuwa na chumba. Hapo palikuwa nje, nyuma ya nyumba. Labda alichoka tu akapumzika."

"Anasimama hapo kila siku, palepale."

"Basi sijui."

Na hapo ndipo Ndunge alipotaka meza yake ya chakula, ya kioo. Alikuwa ameshailipia, na kulikuwa na taa tatu za kuning'inia ambazo nilikuwa nimeshazitobolea dari juu ya mahali hapo. Alikuwa na futi ya kupimia mkononi, ameinama anapima, wakati Susu alipoingia. Ilikuwa mchana, jua kali. Mimi nilikuwa na Muthama dirishani. Mwanzia alikuwa juu ya ngazi yake.

Susu alitembea mpaka kwenye ile alama. Ndunge alikuwa mbele yake kabisa, akaacha kupima. Susu akavua kandambili, akaziweka pamoja upande mmoja.

"Hodi," alisema.

Sauti yake haikuwa ile tuliyoizoea. Ilikuwa ndogo na ya woga, sauti ya mtu aliyefika mahali hivi karibuni.

"Hodi, mwaitu."

Mwaitu ni mama. Mama yake Susu alikuwa amezikwa miaka mingi, na si katika shamba hilo.

Mwanzia hakuweza kuvumilia kimya. Akasema kutoka juu, "Karibu, Susu!"

Hakugeuka. "Si wewe ninayekubishia," alisema, akaendelea kungoja.

Tukangoja naye. Nimejaribu mara nyingi kuukumbuka muda ule kwa usahihi. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na sauti yoyote ambayo mimi niliisikia. Kisha uso wa Susu ukalegea, kama uso wa mtu aliyeitikiwa. Akainamisha kichwa chini sana, akainamisha na mabega, akapita. Hatua mbili mbele akanyooka tena. Juu ya kichwa chake palikuwa na hewa tupu mpaka kwenye dari yangu, na alikuwa ameinama kama mtu anayelinda paji la uso lisigonge mti.

Aligeuka kushoto, akamkaribia Ndunge mpaka pumzi zao zikakutana, akachuchumaa karibu na miguu yake. Akanyoosha mikono mbele, viganja wazi, kama anayeota moto.

Ndunge alirudi nyuma, futi ikajikunja mkononi mwake kwa kelele. "Muthama," alisema. "Muthama, ongea na mama yako."

Muthama alipiga magoti kando ya mama yake. "Mama, hapa ni wapi?"

"Ni kwa nyanya yako," Susu alijibu, kama anayejibu swali la kijinga. "Baba yako aliponileta, hakukuwa na nyumba ya mawe. Kulikuwa na hii ya udongo. Nilikaa kwa jiko la mama yake mpaka nikazoeleka. Wewe hukuiona, iliondolewa kabla hujazaliwa."

"Na kwa nini unainama?"

"Mlango ni mfupi. Nyanya yako aliutaka hivyo, ili anayeingia aingie na adabu."

"Na kwa nini unabisha?"

"Mke wa mtoto haingii jikoni kwa mama mpaka aambiwe karibu. Ndunge anajua."

Ndunge hakujua. Alikuwa amezaliwa mjini, na alimwambia mumewe hivyo baadaye, mbele yangu, akilia kidogo na kukasirika kidogo. Alisema yeye haogopi, na kwamba meza ni ya bei. Lakini aliporudi kupima, alipima kutoka upande mwingine, na meza ya kioo ikaenda kukaa karibu na dirisha. Yale matundu matatu ya taa niliyaziba mimi mwenyewe kwa jipsamu, safari hii kwa utepe. Nikaweka vigae. Susu akahamia ndani, akapewa chumba kipya cha kulala, lakini mchana alishinda sebuleni, palipokuwa chumba chake cha zamani. Vidole vyake vilipoukuta ubao wa mvule mara ya kwanza alisimama, akaupapasa mara mbili, akasema, "Mmeurudisha. Asante." Kwenye kizingiti unyayo wake ulisita, ukashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuanguka siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Hakwenda Kathiani. Alifia kitandani mwake miaka kadhaa baadaye, na watu wote waliokuja mazishini walisifu ule ukuta mfupi.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa habari njema kuhusu kupima kabla ya kukata. Lakini Ndunge aliniita tena. Ilikuwa baada ya mazishi, karibu na mwisho wa kazi yangu, magoti yakiwa tayari yanalia. Kigae kimoja kilikuwa kimepasuka karibu na mlango wa mbele. Muthama alikuwa kazini. Nikaketi naye sebuleni, ndani ya lile bakuli, tukazungumza habari za watu. Nikaona meza ya kioo bado iko dirishani, na katikati ya nyumba bado ni patupu. Mtindo ulikuwa umebadilika mara nyingi tangu wakati huo. Rangi ilikuwa mpya, mapazia mapya, kabati za jikoni nyeupe za kung'aa. Patupu palikuwa palepale.

"Sasa ungeweza kuiweka meza ulipotaka," nilimwambia.

"Niliiweka. Baada ya mazishi."

"Ilikuwa na shida?"

"Haikuwa na shida. Watu hawakuwa wanaikalia." Alinyoosha kitambaa cha kiti. "Tulikuwa tunakulia kwa hivi viti vya sebule, sisi wote, na hakuna mtu aliuliza kwa nini. Nikairudisha."

Akasimama akaniletee chai. Alipanda zile ngazi tatu, akapita kwenye ukuta mfupi, akaelekea jikoni. Mimi nilikuwa natazama vigae, kama kawaida, nikitafuta kingine kilichopasuka. Kwa hiyo niliona miguu yake kwanza. Ilisimama. Ikavua ndara, ikaziweka pamoja upande mmoja. Niliinua macho. Mdomo wake ulitikisika, lakini sikusikia neno. Alingoja. Kisha Ndunge, mwanamke mrefu kuliko mume wake, aliyetaka nyumba isiyo na ukuta hata mmoja, aliinamisha kichwa na mabega, akapita chini ya kitu, akanyooka.

Nilitaka kuamini kwamba anamkumbuka mama mkwe wake kwa kumwigiza. Watu hufanya hivyo. Aliporudi na sinia, aliinama tena vilevile, akavaa ndara, akashuka kwangu. Alikuwa anapangusa macho kwa ukingo wa leso.

"Unalia, mama?"

"Hapana, ni moshi tu," alisema, akanimiminia chai.

Ndunge anapikia gesi. Lile jiko la nje lilikuwa limeshabomolewa, na mahali pake pameoteshwa nyasi. Nilinusa. Sikunusa kitu ila chai na rangi mpya. Sikumuuliza zaidi, na sidhani alijua alichokisema.

Nilikarabati kigae. Mikono ikawa na saruji, naye akaniambia kwa sauti kutoka chumbani, "Fundi, nawa tu hapo jikoni, unapajua."

Ndiyo, nilipajua. Dari ile niliiweka kwa mikono yangu. Ni futi kumi kutoka kwenye kigae, imelala sawa kila upande, na hakuna kitu kati yake na sakafu. Nilikuwa bila viatu, kama nilivyofundishwa. Nilitembea mpaka pale, unyayo wangu ukahisi kigae cha baridi, kisha kingine, kisha kimoja ambacho hakikuwa baridi.

Nilisimama. Nikasema hodi, kwa sauti ndogo, kwa sababu nilikuwa mgeni. Nikangoja.

Kisha nikainama, nikapita.